Tairi Kwanza, Rimu Baadaye

Katika mapambo ambayo vijana wa miji yetu huyapa magari yao, liko moja ambalo wazee hulitazama kwa mshangao na wenzao hulitazama kwa husuda, nalo ni lile la kuchukua rimu iliyo pana kuliko ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, kisha kuivika tairi jembamba lililovutwa kwa nguvu, mpaka mbavu zake zikainama kama mteremko wa paa na midomo yake ikang'ang'ania kingo ambazo kwa kipimo cha mtengenezaji hazikuwa zake. Wazee husema kuwa ni ujinga, vijana husema kuwa ni uzuri, na kwa kuwa kila upande umekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza, shauri lenyewe limebaki bila kuangaliwa kwa insafu.

Mimi sioni kuwa kupenda gari zuri ni kosa. Watu wa pwani, ambao babu zao walichonga nakshi kwenye milango ya Lamu na Unguja na kuyapamba matezi ya majahazi yaliyokusudiwa kupigwa na chumvi na mawimbi, hawana haki ya kumlaumu kijana kwa sababu tu ametaka chombo chake cha safari kipendeze machoni. Ninaloliona kuwa kosa, tena kosa linaloweza kugharimu roho, ni mpango wa matumizi yenyewe: kwamba rimu hununuliwa kwanza, kwa fedha zote zilizokusanywa kwa taabu, na tairi hununuliwa mwisho, kwa masazo ya mfukoni. Kwa desturi hii kitu kinachong'aa hupewa heshima ya mbele, na kitu kinachobeba uhai hupewa makombo. Dai langu katika makala haya ni kwamba mpango huo ugeuzwe, na kwamba urahisi wa bei utafutwe mahali unapopatikana kwa halali.

Desturi ya kuvuta matairi haikuzaliwa kwetu. Huko Japani, katika miaka ya 1970 na 1980, vijana waliokuwa wakishusha magari yao mpaka yakakaribia kugusa ardhi, mtindo walioupa jina la shakotan, walikutana na tatizo la dhahiri, kwamba gari likishuka na rimu ikapanuka, bega la tairi hukwaruza madigadi kila gari linapoinama. Tairi jembamba lililovutwa huliingiza bega lake ndani, likayaachia madigadi nafasi ya kupita, na hivyo rimu pana ikaweza kukaa mahali ambapo tairi la upana kamili lisingekaa. Baadaye wale waliokuwa wakiteleza na magari katika barabara za milimani na viwanjani, mchezo uliompatia umaarufu dereva Keiichi Tsuchiya na Toyota yake ya AE86, waliona faida nyingine: ubavu uliovutwa haulegei sana gari linapotupwa kombo, na matairi madogo, ambayo katika mchezo huo hulika upesi kupita kiasi, yalikuwa ya bei nafuu kuliko mapana. Ujerumani nako wapenzi wa Volkswagen walikuwa na mapenzi ya namna hiyo, na tangu mwaka 1982 wenye Golf walianza kukusanyika kando ya ziwa Wörthersee nchini Austria, kuonyeshana magari yaliyoshushwa na rimu zilizong'arishwa.

Kutoka huko hadi kwetu njia haikuwa ndefu. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na magari yake yaliyotumika hushuka kwa wingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na pamoja nayo, kwa picha na kwa vipuri, umekuja mtindo wa kuyapamba. Lakini katika kuupokea mtindo huo tulipokea umbo lake tukayaacha masharti yake. Mjapani mwenye gari hulipeleka kwenye ukaguzi wa serikali uitwao shaken, ambao kwa gari la kawaida la abiria hufanywa kila baada ya miaka miwili baada ya ule wa kwanza, na humo rimu iliyotokeza nje ya bodi ni sababu tosha ya gari kukataliwa. Mjerumani naye hukutana na wakaguzi wa TÜV na wenzao, na akitaka kuvika tairi juu ya rimu ambayo haimo katika kipimo chake cha kawaida, hudaiwa idhini ya maandishi kutoka kwa mtengenezaji wa tairi, inayotaja tairi gani, juu ya rimu ya upana gani. Kwa hiyo wale tunaowaiga hawakuachiwa wafanye kila walitakalo. Nyuma ya uzuri wao lipo daftari. Kwetu mtindo huu umesimama juu ya jicho la mwenye gari na ujasiri wa fundi, basi.

Ili tuelewe kwa nini daftari hilo lina maana, yatupasa tujue tairi linafanya kazi gani. Si mpira unaolibeba gari. Kinachobeba ni upepo uliofungiwa ndani, na mpira pamoja na nyuzi zake ni ala tu ya kuuzuia upepo huo usitoke. Kwenye midomo miwili ya tairi, pale linapokutana na rimu, zimezikwa waya za chuma, na shinikizo la upepo ndilo linaloisukuma midomo hiyo nje, ikabane kwenye kingo za rimu na kuziba. Mbavu za tairi zimesukwa zisimame kwa pembe fulani, zipinde kiasi fulani, na zirejee hali yake mara mamia kwa kila kilomita moja. Ukibadilisha pembe hiyo, umebadilisha kazi yote ya tairi, hata kama kwa macho bado ni jeusi, la mviringo, na lina upepo.

Natutwae mfano mmoja ambao wapenzi wa mtindo huu wanaujua vizuri, nao ni tairi lililoandikwa ubavuni 215/40R18 89W likavikwa kwenye rimu ya inchi 9 na nusu. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 86. Kumi na nane ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Themanini na tisa si kilo, bali ni nambari ya jedwali, na katika jedwali hilo 89 ni sawa na kilo 580 kwa tairi moja; na herufi W ni mwendo usiozidi kilomita 270 kwa saa. Tairi hili, kwa vipimo vya wenye kiwanda, hupimwa upana wake likiwa kwenye rimu ya inchi 7 na nusu, na huruhusiwa kuvikwa rimu yoyote kuanzia inchi 7 hadi 8 na nusu. Inchi 7 na nusu ni milimita 190 na nusu. Inchi 9 na nusu ni milimita 241 na kidogo. Tofauti yake ni inchi 2 kamili, maana yake kila mdomo wa tairi umeondolewa mahali pake ukavutwa nje inchi nzima, na ubavu ambao kimo chake ni milimita 86 tu ndio uliolazimishwa kulipa deni hilo la milimita 25.

Matokeo yake ni mengi, lakini matatu yanatosha. La kwanza, ubavu wa tairi lililovikwa sawasawa hutokeza kidogo nje ya chuma na kukilinda. Tairi likivutwa, chuma ndicho kinachotangulia, na katika barabara zenye mashimo, matuta yasiyopakwa rangi na kingo za saruji, rimu ya aloi iliyotangulia mbele ya mpira hupinda au kupasuka. La pili, mdomo wa tairi lililovutwa unashikwa na upepo huku ubavu ukiuvuta kurudi ndani, na upepo ukipungua, kwa pancha au kwa uzembe wa kutopima, mdomo huo unaweza kuteleza na kuingia katika bonde la katikati ya rimu, na upepo wote ukatoka mara moja gari likiwa katikati ya kona. La tatu, ile ahadi ya kilo 580 ni ahadi yenye sharti. Mtengenezaji aliitoa kwa rimu za upana alioutaja na kwa kiwango cha upepo alichokitaja; nje ya hapo hakupima, hakuahidi, wala hadaiwi, na anayepakia watu watano na mizigo yao kwenda harusini Tanga amewapakia juu ya dhamana isiyo na mwenyewe.

Na wengine, kwa kutafuta unafuu zaidi, hushuka hata katika saizi. Gari lililokuja na 205/55R16 hubeba matairi ya nambari 91, yaani kilo 615 kila moja, na kimo cha tairi zima ni kama milimita 632. Mwenyewe akivika 205/40R17, tairi zima limekuwa la milimita 596. Gari limeshuka karibu milimita 18 bila ya springi kuguswa, kipima mwendo kinadanganya kwa karibu asilimia 6, na ikiwa tairi hilo ni la nambari 84, kila kona ya gari imepoteza uwezo wa kilo 115. Hayo yote yametokea siku moja, kwenye gereji moja, na hakuna hata mmoja aliyeyaandika.

Mtazame sasa fundi akiwa kazini. Tairi limekwisha kuingia kwenye rimu, limelala juu ya benchi, na baina ya mdomo wa tairi na ukingo wa chuma pana pengo ambalo vidole viwili hupita. Fundi anapaka povu la sabuni kuzunguka pande zote, anafungua kompresa, na upepo wote unatoka kwenye pengo ukirusha povu juu. Anaufunga mkanda kuzunguka kashata, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, na kuukaza ili mbavu zisukumike nje, anajaribu tena, mdomo wa chini unashika, wa juu unakataa. Aliye na tangi maalumu la upepo, lenye bomba pana linalotema upepo wote kwa mkupuo mmoja, analitumia hapo, na ukisikia milio miwili ya kishindo, mmoja baada ya mwingine, midomo yote miwili imekaa. Asiye na tangi hilo huongeza upepo na kuongeza tena, akiinama juu ya tairi kusikiliza, ilhali watengenezaji wa matairi ya magari madogo huonya kwamba shinikizo la kukalisha midomo lisivuke ratili 40 kwa kila inchi ya mraba. Na wapo wanaonyunyiza petroli au gesi ndani ya tairi wakaiwasha kwa kiberiti, ili mlipuko ufanye kazi ya tangi. Huo si ufundi. Waya za mdomo zikikatika kwa shinikizo au mpira wa ndani ukiungua, ubovu hauonekani siku ile. Huonekana miezi baadaye, barabarani, mwenyewe akiwa ndani.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawaambia watu wasio na fedha waache matairi ya bei rahisi. La hasha. Rahisi si lazima iwe duni. Ziko kampuni za Asia zisizo na majina makubwa kama ya Ulaya, ambazo zimetengeneza matairi kwa miongo mingi na kuyauza kwa bei ya wastani. Nankang ya Taiwani, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1959, na matairi yake yamekuwa miongoni mwa yanayopendwa sana na watu wa rimu pana kwa sababu ya bei. Mwenye kipato kidogo akinunua tairi jipya la kampuni ya namna hiyo, kwa saizi inayoikubali rimu yake, amefanya tadbiri njema. Unafuu ninaoukataa ni wa aina nyingine: wa tairi la mtumba lililozeeka, la saizi isiyofaa, au la uwezo pungufu, linalosifiwa kwa kuwa linavutika vizuri.

Anayenunua na asome ubavu wa tairi kama msomaji wa hati ya kiwanja. Mwisho wa herufi zinazoanza na DOT zipo tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na jua letu haliusamehe. Ndiyo maana watengenezaji wengine, Michelin wakiwamo, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika, na lisivuke miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka tisa huwadanganya wengi kwa sababu hiyo. Likivutwa, nyufa ndogo za ubavuni zisizoonekana huachama. Kisha asome nambari ya mzigo, asikubali iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari lake. Na akiona neno XL, ajue kuwa tairi hilo limeimarishwa kubeba zaidi, kwa sharti la kujazwa upepo zaidi. Tairi lenye karatasi ya soko la Ulaya huonyesha pia daraja lake la kushika barabara iliyolowa, na tangu Mei 2021 madaraja hayo huandikwa kuanzia A hadi E. Katika masika ya pwani, herufi hiyo moja ina faida kuliko sifa zote za muuzaji. Na matairi mawili ya ekseli moja yawe ya aina moja na saizi moja, yasiwe ndugu wa kambo.

Najua jawabu nitakalopewa, nalo si la kupuuzwa. Wataniambia kuwa wapo watu, Osaka na Hamburg na hata hapa kwetu, waliotembelea matairi ya kuvutwa kwa miaka mingi wala hayakuwatoka. Ni kweli. Lakini yatazame magari yao kwa karibu: aghalabu mwenyewe hupima upepo mara kwa mara, hapakii mzigo, hulipeleka gari taratibu, hujua kila shimo la njia yake, na matairi yake ni mapya. Yeye amelipa kwa uangalifu kile ambacho hakulipa kwa fedha. Anayemuiga kwa sura tu, akachukua mtumba wa miaka minane, akalikopesha gari kwa mdogo wake asiyejua kitu, akalipeleka usiku kwenye njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi baina ya malori, hana hoja ya kumtaja yule wa kwanza kuwa shahidi wake. Tena barabara si mali ya mtu mmoja. Aliyeamua kuihatarisha roho yake kwa ajili ya urembo huenda akadai kuwa ni haki yake. Lakini mama aliyesimama kituoni na mwendesha bodaboda anayekuja upande wa pili hawakushirikishwa katika uamuzi huo, nao ndio watakaokutana na gari lililopoteza tairi.

Basi mpango wa sawa ni upi? Ni kuanza na mfuko, kutoka mfukoni kwenda kwenye tairi, na kutoka kwenye tairi kwenda kwenye rimu. Kama uwezo wako ni kununua matairi manne mapya ya 215/40R18, basi rimu yako ni ya inchi 8 au 8 na nusu, ambayo upana wake umegongwa kwenye chuma chenyewe, kama vile 8.5J, na kwenye ile ya 8 na nusu tairi litakuwa limenyooka ubavu, limekaza, lina sura ya kupendeza, na bado liko ndani ya kipimo cha mtengenezaji. Kama moyo haukubali ila inchi 9 na nusu, basi bei ya kuulizia dukani ni ya 255/35R18 au 265/35R18, ambazo kipimo chake kinaikubali rimu hiyo, na gari lenyewe liwe na nafasi ya kuzipokea. Kama fedha hiyo haipo, subira ipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kuwa katika jambo hili inayopotea si mali peke yake.

Wito wangu kwa mafundi ni kwamba wawe na ujasiri wa kukataa kazi, maana fundi anayesema hapana mbele ya rimu ya inchi 9 na nusu na tairi la mtumba ameihifadhi heshima ya kazi yake kuliko yule anayejivunia kuwa hakuna tairi lililomshinda. Kwa wauzaji, wito wangu ni kwamba wamwambie mnunuzi upana wa rimu unaoruhusiwa kabla hawajapokea fedha zake, kwani maarifa hayo wanayo au wanaweza kuyapata kwa kufungua kitabu cha kiwanda. Na wewe kijana unayelipenda gari lako, kabla hujatoa shilingi ya kwanza ya rimu, ulizia bei ya matairi manne mapya yanayoikubali rimu hiyo. Kama huwezi kuilipa, rimu hiyo si yako bado, iache dukani.